Gego la mwisho: ling'olewe au liachwe? Mwongozo kamili wa kuamua

Mtu huanza kulifikiria gego la mwisho usiku wa manane, shavu limevimba, taya haifunguki, na vidonge vya maumivu havijasaidia. Ni wakati mbaya wa kuamua jambo lolote. Kukicha anakwenda kwenye kituo cha afya akiwa na neno moja tu, "ning'oeni," na akimkuta mtu mwenye koleo na haraka, linang'olewa. Wapo waliopona hivyo. Wapo pia walioondoka jino zima limetolewa na lililooza limebaki, au mzizi umevunjikia ndani, au mdomo wa chini umebaki na ganzi isiyokwisha. Mwongozo huu unataka uamue ukiwa umetulia, na uamue kwa ushahidi wa kinywa chako mwenyewe.

Magego haya, ambayo wengi huyaita meno ya hekima au meno ya ukubwani, huota kati ya miaka 17 na 25, moja kila pembe ya kinywa, jumla manne. Wengine wanayo mawili, wengine hawana hata moja, na hilo si ugonjwa. Mengi hutoka yakasimama wima na kumtumikia mwenyewe maisha yake yote. Mengine hukuta taya imeshajaa: hulala, huinamia jino la mbele yake, hutoka nusu nusu, au hubaki yamezikwa ndani ya mfupa. Maswali yote yanatokana na haya ya pili.

Ujue pia kwamba madaktari wenyewe hawajakubaliana. Marekani imezoeleka kwa miaka mingi vijana kung'olewa yote manne hata kabla hayajauma, kwa hoja kwamba kijana hupona haraka. Uingereza ilikwenda njia nyingine: mwezi Machi 2000 NICE, taasisi inayotoa miongozo ya tiba, ilielekeza huduma ya afya ya taifa, NHS, iache kung'oa magego yaliyokwama yasiyo na ugonjwa. Mapitio ya mwaka 2020 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaochambua tafiti za tiba, yalikusanya tafiti zilizokuwepo yakakuta ushahidi hautoshi kusema kung'oa gego zima lililokwama ni bora kuliko kuliacha, wala kuliacha ni bora kuliko kuling'oa. Kwa hiyo yeyote anayekwambia "lazima yatoke yote" au "usiguse kamwe" anakupa mazoea yake. Msimamo wangu ni huu: jino lisilo na ugonjwa lina haki ya kubaki, na anayetaka kuling'oa ndiye anayepaswa kukueleza sababu huku akikuonyesha picha. Kuna hali moja inayonifanya nilegeze msimamo huo, nitaifikia.

Hatua ya kwanza: hakikisha ni gego la mwisho kweli

Maumivu ya nyuma ya taya hudanganya. Gego la pili lililotoboka huuma mahali palepale. Kiungo cha taya mbele ya sikio huuma mtu anayesaga meno usiku. Mafua yaliyojaza mianzi ya pua huyafanya magego ya juu yote yaume kwa pamoja. Hata sikio lenyewe linaweza kuwa chanzo.

Simama mbele ya kioo, washa tochi ya simu, nawa mikono, kisha vuta shavu pembeni kwa mpini wa kijiko safi. Hesabu kutoka katikati kwenda nyuma: gego la mwisho ni jino la nane. Angalia nyuma ya gego la pili la chini. Mara nyingi utaona ncha moja au mbili nyeupe za jino zikichungulia, na juu yake kipande cha ufizi kimelifunika nusu kama mfuko wa shati. Humo ndimo mabaki hujificha: nyuzi za nyama, punje za wali, vipande vya mchicha, na mswaki hauyafikii. Ufizi huo ukiwa mwekundu, umevimba, ukibonyezwa unatoa usaha au ladha mbaya, na jino la juu linaukanyaga kila unapofunga mdomo, umeshapata jibu la awali: ni maambukizi ya ufizi unaozunguka jino linalotoka. Jino lenyewe linaweza kuwa zima kabisa.

Jaribu kitu kingine. Panga vidole vyako vitatu, cha shahada, cha kati na cha pete, kimoja juu ya kingine, uviingize wima kati ya meno ya mbele. Watu wengi wazima hufungua mdomo kiasi hicho. Ikiingia kimoja tu, uvimbe umeshaifikia misuli ya kutafunia, na hilo halihitaji kusubiri wiki ijayo.

Na kuna dalili ambazo hazisubiri hata asubuhi: uvimbe ulioshuka chini ya kidevu au shingoni, sakafu ya kinywa iliyoinuka na kuusukuma ulimi juu, kushindwa kumeza mate, sauti iliyobadilika, homa kali, kupumua kwa shida, au uvimbe uliopanda hadi kwenye jicho. Hizo ni za idara ya dharura ya hospitali kubwa, usiku huohuo. Maambukizi ya jino la chini yakienea chini ya ulimi na shingoni yanaweza kuziba njia ya hewa ndani ya saa chache, na watu wamekufa kwa hilo.

Hatua ya pili: zima maambukizi kabla ya kuamua

Kama ni ufizi umevimba, kitakachokusaidia zaidi ni kusafishwa. Daktari au tabibu wa meno ataingiza maji ya chumvi ya hospitali au dawa ya klorheksidini chini ya ule ufizi kwa bomba la sindano, na kutoa kilichooza humo. Nyumbani unaendelea kusukutua kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, nusu kijiko cha chai kwenye glasi moja, mara kadhaa kwa siku, hasa baada ya kula. Piga mswaki pale pale panapouma. Watu wengi hukwepa upande huo, na uchafu unazidi.

Antibayotiki zina nafasi yake: homa, uvimbe wa uso, tezi za shingo zilizovimba, mdomo usiofunguka. Bila dalili hizo, kusafisha kunatosha kwa wengi. Nasema hili kwa msisitizo kwa sababu maduka ya dawa yetu yamezoea kuuza vidonge sita vya rangi mbili kwa kila anayeshika shavu. Maumivu yanatulia, mtu anaacha dozi njiani, miezi mitatu baadaye shavu limerudi, na dawa ileile haifanyi kazi tena. Ukiandikiwa metronidazole, usiguse pombe hadi umalize dozi na siku mbili zaidi.

Karafuu je? Mafuta yake yana kemikali iitwayo eugenoli, na madaktari wa meno wameitumia kutuliza maumivu kwa zaidi ya karne moja. Tone moja kwenye pamba, kwa muda mfupi, ni sawa. Kumimina mafuta ya karafuu kwenye ufizi kila saa kunauunguza. Mafuta ya taa, tumbaku na maji ya betri visikaribie kinywa cha mtu yeyote.

Baada ya siku chache maumivu yameisha. Hapo ndipo wengi husahau hadi mara nyingine. Wewe weka miadi ya picha sasa, shavu likiwa limenywea na akili imetulia.

Hatua ya tatu: piga picha, na uombe kuonyeshwa

Uamuzi wa gego la chini bila eksirei ni kubahatisha. Filamu ndogo inayowekwa ndani ya mdomo inaweza kutosha kwa jino lililotoka vizuri, ila gego la nyuma mara nyingi halienei humo. Picha inayofaa ni ile pana inayoonyesha taya zote kwa pamoja. Kliniki nyingi huiita OPG. Ukiwa na mimba mwambie mpiga picha kabla hajawasha mashine.

Usikubali kupewa karatasi yenye neno "limekwama" tu. Mwombe daktari akae nawe dakika tano mbele ya picha na akuonyeshe mambo manne.

La kwanza ni mlalo wa jino. Je, limesimama wima, limeinamia mbele, limelala kabisa, au limegeukia nyuma? La kuinamia mbele ndilo linaloonekana zaidi. Lililogeukia nyuma kuelekea mwisho wa taya hutolewa kwa shida kuliko linavyoonekana, na anayekwambia "hili ni la dakika mbili" huenda hajaliangalia vizuri.

La pili ni jirani yake, gego la pili. Hapa ndipo picha inapolipa gharama yake. Tafuta kivuli cheusi kwenye ukuta wa nyuma wa gego la pili, pale ncha ya gego la mwisho inapoligusa. Kivuli hicho ni tundu, na tundu la hapo halionekani kwa kioo wala halisikiki mpaka limekaribia kiini. Angalia pia urefu wa mfupa kati ya meno hayo mawili. Ukiwa umeshuka, uchafu umekuwa ukikaa humo kwa muda mrefu. Unaweza kuishi vizuri bila gego la mwisho. Gego la pili ndilo linalotafuna, na kulipoteza kwa ajili ya jirani yake ni hasara kubwa.

Hii ndiyo hali niliyosema inanilegeza. Uingereza, baada ya mwongozo wa mwaka 2000, madaktari walianza kuona watu wa miaka ya thelathini na kuendelea wakija na gego la pili limeoza kwa nyuma, kwa sababu gego la mwisho lililoegemea mbele, limechungulia nusu, liliachwa pale bila kufuatiliwa. Kwa hiyo jino la chini lililotoka nusu na kuegemea gego la pili silihesabu kuwa salama kwa sababu tu haliumi. Ama litolewe, ama lipigwe picha kwa ratiba ambayo mwenyewe unaifuata kweli.

La tatu ni mfereji wa neva. Ndani ya taya ya chini hupita mfereji unaobeba neva inayoleta hisia kwenye mdomo wa chini na kidevu. Kwenye picha unaonekana kama barabara yenye kingo mbili nyeupe. Mizizi ikiwa mbali nayo, vizuri. Ukingo mweupe ukikatika pale unapokutana na mzizi, au mfereji ukipinda ghafla, au mzizi ukiwa mweusi zaidi mahali hapo, kuna uwezekano vimegusana. Hapo daktari makini ataomba picha ya pande tatu kabla ya kuahidi lolote.

La nne ni weusi unaolizunguka kichwa cha jino lililozikwa. Ukanda mwembamba ni wa kawaida. Ukitanuka na kuwa kama puto, unaweza kuwa uvimbe wenye maji unaokula mfupa kimyakimya, na huo haungojwi.

Hatua ya nne: pima sababu zako

Sababu zinazokubalika karibu kila mahali ni hizi: ufizi umevimba zaidi ya mara moja, au mara moja lakini kwa ukali uliokulaza, jino limeoza kiasi cha kutozibika, lina jipu kwenye mizizi na haliwezi kutibiwa, linaliozesha au kulila gego la pili, lina uvimbe wa mfupa, limevunjika, au liko kwenye njia ya upasuaji mwingine wa taya. Mwongozo wa NICE wenyewe unaiona mara ya kwanza ya ufizi kuvimba, isipokuwa ikiwa kali sana, kuwa haitoshi, na mara ya pili kuwa sababu. Nauona mpaka huo kuwa wa busara. Gego la juu lililokosa mwenzake wa chini nalo huweza kushuka na kulitafuna shavu kila siku. Hilo halina faida ya kubakizwa.

Kuna sababu moja ya kinga ambayo watu hawaambiwi. Anayekaribia kuanza mionzi ya saratani ya kichwa na shingo, au dawa za sindano za kuimarisha mifupa kwa ajili ya saratani, anapaswa kumwona daktari wa meno kabla ya kuanza. Baada ya tiba hizo, kidonda cha jino kinaweza kukataa kupona na mfupa ukafa.

Sasa sababu zisizotosha. "Yanasukuma meno ya mbele yanapandana" ndiyo ninayoisikia zaidi, kutoka kwa wazazi na hata kwa baadhi ya wahudumu. Meno ya mbele ya chini huelekea kubanana kadiri umri unavyosonga hata kwa watu wasio na magego ya mwisho. Watafiti walipowagawa vijana makundi mawili, wengine wakang'olewa na wengine wakaachwa, kung'oa hakukuzuia mbanano huo kwa kiasi chenye maana. Usimpeleke binti yako kwenye upasuaji kwa sababu hiyo pekee.

"Kwa kuwa uko hapa, tuyatoe yote manne" nayo ipimwe jino kwa jino. Ikiwa ni usingizi mzito wa hospitali, kuna hoja ya kutolalishwa mara mbili. Kwa ganzi ya kawaida, hoja hiyo inadhoofika sana, na mgonjwa anayetafuna upande mmoja wakati mwingine unapona hula vizuri zaidi. Na maumivu ya siku mbili tatu wakati jino linatoboa ufizi, bila usaha wala uvimbe, ni ya kuotesha. Yasukutulie, yatapita.

Hatua ya tano: jipime wewe mwenyewe

Umri una uzito. Kabla ya miaka 25 hivi, mizizi bado haijakomaa au ndiyo imekomaa tu na mfupa una unyumbufu. Baada ya thelathini mfupa unakuwa mgumu, kupona kunachukua muda, na matatizo yanaongezeka. Ukweli huu hutumika kuwatisha vijana wang'oe haraka. Usomeke hivi: kama sababu ipo, usiikalie miaka kumi. Kama haipo, umri hauitengenezi. Na mtu wa miaka 50 ambaye gego lake limezikwa lote ndani ya mfupa, halina weusi wala mawasiliano na kinywa, kwa kawaida aliache lipumzike.

Mweleze daktari magonjwa yako yote, hata usipoulizwa: kisukari, presha, moyo, selimundu, damu isiyoganda vizuri, dawa za kuyeyusha damu, sindano au vidonge vya mifupa, mzio wa dawa. Usiache dawa ya kuyeyusha damu kwa uamuzi wako. Anayeibadilisha ni daktari aliyekuandikia. Mwenye selimundu anahitaji maandalizi ya maji, joto na udhibiti wa maumivu, na ni vizuri afanyiwe hospitalini. Anayeishi na VVU na anatumia dawa zake vizuri hazuiwi kung'oa jino. Akinyanyapaliwa, aende kwingine. Mjamzito mwenye jino lisilongojeka hutibiwa, na miezi mitatu ya katikati ndiyo yenye nafuu.

Fikiria pia kazi yako. Neva nyingine hupita upande wa ndani wa taya kwenda kwenye ulimi. Kwa mwimbaji wa taarabu, msomaji wa Qurani, mtangazaji au mwalimu, ulimi wenye ganzi miezi mitatu ni msiba wa kipato. Hilo halimaanishi usitoe jino bovu. Maana yake ni kwamba unataka bingwa, na unataka kulizungumza kabla.

Hatari zenyewe zinataka kujulikana kwa ukubwa wake. Maumivu na uvimbe ni kwa karibu kila mtu. Uvimbe hufikia kilele siku ya pili au ya tatu. Tundu la jino kupoteza bonge lake la damu, mfupa ukabaki wazi na kuuma hadi sikioni, huanza siku ya pili hadi ya nne, na ni kawaida zaidi kwenye magego ya chini kuliko jino lingine lolote, hasa kwa wavutaji sigara na wanawake wanaotumia vidonge vya uzazi wa mpango. Ganzi ya muda ya mdomo au ulimi huwapata watu wachache katika kila 100 na kwa wengi huisha kwa wiki au miezi. Ya kudumu ni chini ya mtu 1 kwa 100, lakini mizizi ikishikana na mfereji hatari inapanda sana. Gego la juu lina hatari yake: tundu linaweza kufunguka hadi kwenye uwazi wa mfupa wa shavu, ndiyo maana unakatazwa kupenga kamasi kwa nguvu.

Hatua ya sita: jua kwamba kuna njia za katikati

Mizizi ikiwa imeshikana na mfereji wa neva na jino lina ugonjwa juu, bingwa anaweza kukata kichwa cha jino na kuiacha mizizi mizima ndani ya mfupa, ufizi ukafunika. Hufanywa kwa kusudi, kulinda neva, na inafaa tu kama mizizi haina usaha wala haijalegea. Uliza kama njia hiyo inakuhusu. Njia ya kukata kile kipande cha ufizi pekee inavutia kwa kuwa ni ndogo, lakini ufizi mara nyingi hurudi. Na wakati mwingine ubaya wote unatoka kwa gego la juu linaloukanyaga ufizi wa chini; kulitoa hilo la juu, ambalo kwa kawaida ni jepesi, kunampa mtu nafuu kubwa.

Hatua ya saba: nani akutoe, na wapi

Gego la juu lililotoka wima linatolewa na daktari wa meno yeyote mwenye sifa katika hospitali ya wilaya. Gego la chini lililolala, lililozikwa au lililokaribia neva ni kazi ya upasuaji: ufizi unapasuliwa, mfupa kidogo unaondolewa, jino linakatwa vipande, unashonwa. Hiyo mpelekee bingwa wa upasuaji wa kinywa, taya na uso. Tanzania utawapata Muhimbili na hospitali kubwa za rufaa kama KCMC Moshi na Bugando Mwanza. Kenya kuna hospitali ya meno ya Chuo Kikuu cha Nairobi na Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Hospitali za vyuo zina foleni, ila mwanafunzi anasimamiwa na mwalimu wake, na gharama mara nyingi ni nafuu. Kuuliza usajili wa anayekutibu si utovu wa adabu.

Uliza kabla ya tarehe: Je, kwenye picha mizizi iko umbali gani na neva? Umeshafanya ya namna hii mara nyingi? Mzizi ukivunjika utafanya nini? Nisipoling'oa, unatarajia nini miaka mitano ijayo? Swali hilo la mwisho ndilo linalofichua zaidi. Mwenye sababu hulijibu kwa maneno mahususi. Bima nayo iulizwe mapema kama inalipia OPG na upasuaji wa jino, kwa kuwa "kung'oa" na "upasuaji wa jino" huandikwa kwa bei tofauti, na baadhi ya mipango inataka kibali kwanza.

Mifano mitatu

Mwanafunzi wa miaka 22, gego la chini kulia limevimba mara mbili mwaka huu, picha inaonyesha limeegemea mbele, neva iko mbali. Atoe hilo moja, likizo inapoanza na si wiki ya mitihani. La kushoto limesimama vizuri: libaki.

Mama wa miaka 48, alipiga OPG kwa ajili ya meno ya bandia, ikaonekana gego limezikwa ndani kabisa, halina weusi, halijawahi kuuma. Aliache, apige picha nyingine baada ya miaka michache. Kama meno ya bandia yatakaa juu yake moja kwa moja, azungumze na daktari, maana mgandamizo unaweza kulifichua.

Mwanamke wa miaka 29 anayepanga kushika mimba, amevimba ufizi mara mbili na mara ya mwisho hakufungua mdomo siku tatu. Mimba huzifanya fizi zivimbe kirahisi, na dawa za kutumia wakati huo hupungua. Alitoe kabla.

Ukiamua kung'oa

Kula kabla kama ni ganzi ya kawaida; kama ni nusu kaputi, fuata masharti ya kufunga. Nenda na mtu wa kukurudisha. Uma pamba nusu saa bila kuichungulia chungulia. Saa 24 za kwanza usisukutue, usiteme mate kwa nguvu, usinyonye kwa mrija, usivute sigara. Sigara iache angalau siku tatu, wiki ni bora zaidi. Barafu kwenye kitambaa nje ya shavu, robo saa kwa vipindi, siku ya kwanza. Uji uliopoa, mtori, ndizi za kupondwa, mayai laini. Pilipili na bisi viache. Kuanzia siku ya pili, maji ya chumvi baada ya kila mlo.

Kwa maumivu, mtu mzima asiye na vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, mimba wala pumu inayochochewa na dawa za aina hiyo anaweza kutumia ibuprofen miligramu 400 pamoja na parasetamoli miligramu 1000. Mchanganyiko huo unafanya kazi vizuri kuliko kila moja peke yake. Parasetamoli isizidi vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24. Aspirini usitumie kutuliza maumivu haya, huongeza kutoka damu. Rudi hospitali kama damu haikomi baada ya kuuma pamba safi kwa nusu saa nyingine, maumivu yanaongezeka baada ya siku ya tatu, homa inapanda, au ganzi ipo bado kesho yake. Hilo la ganzi sema mapema, usisubiri mwezi.

Ukiamua kuliacha

Kuliacha ni mpango, na mpango una kazi. Tumia mswaki mdogo wa mtoto, uuingize kutoka pembeni mdomo ukiwa nusu wazi ili shavu lilegee, usugue nyuma ya gego la mwisho kila usiku. Pitisha uzi kati yake na gego la pili. Onana na daktari wa meno mara moja kwa mwaka, na mwambie aangalie hasa ukuta wa nyuma wa gego la pili. Picha mpya ipigwe baada ya miaka miwili au kadiri atakavyoshauri kwa mlalo wa jino lako. Ile ya kwanza usiiache kliniki: omba nakala, ihifadhi kwenye simu na kwenye barua pepe yako, kwa sababu weusi mdogo wa leo unajulikana kuwa umekua pale tu kukiwa na picha ya jana ya kulinganisha.